Kufunga paa la turubai kwenye MGB

MGB ya wazi, gari dogo la michezo lenye paa la kukunjwa, nami nalipenda kuliko yote, iliundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na uzuri wa paa lake hutegemea namna lilivyovutwa. Hapa Mombasa mimi hulianika kwanza paa jipya juani, kwa kuwa vinaili, yaani turubai la plastiki, ikipata joto hulainika, kisha hulivuta kutoka katikati ya ukingo wa kioo cha mbele kuelekea pembeni, nikitia alama za chaki; tundu la kifungo lisitobolewe kabla mikunjo haijaisha, maana halizibiki tena. Vifungo navyo viwe vya shaba au chuma kisichoshika kutu, kwani upepo wa chumvi hula chuma cha kawaida upesi. Skrubu zake zipakwe grisi kidogo.