Kabla hujanunua msumeno wa moto, ulizia tupa na oili yake

Vijana wanaotaka kuingia katika kazi ya kupogoa na kuangusha miti hapa Pemba huanza kwa kuniuliza bei ya msumeno wa moto, yaani msumeno wa mnyororo unaoendeshwa kwa petroli, nami huwajibu kwa kuwauliza watapata wapi mnyororo wake wa pili. Swali hilo huwaudhi baadhi yao, kwa sababu mtu mwenye fedha mfukoni hutaka kuonyeshwa duka, si kuhojiwa. Lakini kisiwani mashine hainunuliwi mara moja. Hununuliwa dukani, kisha hununuliwa tena kidogo kidogo kwa minyororo, plagi, tupa, oili na vifaa vya kabureta, na vingi kati ya hivyo huvuka bahari kutoka Unguja au Dar es Salaam kabla ya kufika Chake Chake au Wete. Boti ikichelewa kazi husimama, na mwenye nyumba ambaye tawi la mwembe limelalia bati lake hangoji maelezo, humwita mtu mwingine.

Kosa la kwanza ninaloliona ni kupenda ukubwa. Wengi wamezoea kuwaona wapasuaji wa mbao na mashine zao nzito, kama vile Stihl MS 381 yenye injini ya sentimita za ujazo 72 na uzito wa zaidi ya kilo sita kabla hata ya kufungwa mnyororo, wakadhani ndiyo mashine ya kazi yoyote ya mti. Kwa kulipasua gogo la mwembe lililokwisha kulala chini, sawa kabisa. Kwa kupogoa, mtu atachoka mikono kabla ya adhuhuri, na mkono uliochoka ndio unaoachia mpini. Zipo mashine ndogo zenye mpini wa juu, mfano wa Husqvarna T435 ya sentimita za ujazo 35, ambazo zimetengenezwa kwa ajili ya mtu aliyening'inia kwenye kamba. Hizo nazo simshauri anayeanza, kwa kuwa wepesi wake humshawishi mtu kuishika kwa mkono mmoja, na ncha ya ubapa, kile chuma kirefu ambacho mnyororo hukizunguka, ikigusa tawi jingine humrudia usoni kwa kasi asiyoweza kuikwepa. Anayeanza anunue mashine ya wastani yenye mpini wa nyuma, ubapa wa inchi 15 au 16, aitumie akiwa chini, na juu ya mti apande na msumeno wa mkono uliopinda. Msumeno huo hauna petroli wala kelele, nao hulikata tawi la mshelisheli lenye unene wa paja kwa muda mfupi kuliko watu wanavyodhani.

Kabla ya kulipa, kuna namba tatu za kuzijua, na muuzaji asiyeweza kukutajia basi duka lake si la kununua mashine. Ya kwanza ni nafasi iliyopo kati ya viungo vya mnyororo, ambayo kwa kawaida ni inchi 3/8 au inchi 0.325, ya pili ni unene wa ndimi za chini zinazopita katika mfereji wa ubapa, ambao huwa milimita 1.1, 1.3, 1.5 au 1.6; ya tatu ni idadi ya ndimi hizo. Mara nyingi namba hizi hugongwa kwenye ubapa wenyewe karibu na shina lake. Zikiwa mkononi mwako, unaweza kumpigia simu mtu aliyeko Unguja akakununulia mnyororo unaofaa bila ya kuiona mashine. Usipokuwa nazo, utatumiwa mnyororo unaofanana na wako kwa macho tu, utakaokataa kuingia au utakaoingia na kucheza kushoto na kulia.

Mashine iliyotumika si haramu kuinunua, mradi ifunguliwe. Mwombe mwenyewe aondoe bomba la moshi, ambalo hushikwa kwa skrubu chache tu, kisha uchungulie pistoni kwa kupitia tundu la kutolea moshi huku ukivuta kamba ya kuwashia polepole. Pistoni nzima hung'ara na kuwa laini. Ikiwa ina mikwaruzo mirefu ya wima, injini hiyo imewahi kukosa oili ikakwama, na bei yoyote utakayotajiwa ni ghali. Mwenye mashine akikataa isifunguliwe, umeshapata jibu. Na la kibali nalitaja kwa ufupi: kazi ya kukata mti huanzia kwa sheha, yaani kiongozi wa shehia yako, na kwa maofisa wa misitu, na suala la msumeno wa moto ni bora kuwauliza watu wa misitu kabla ya kuununua kuliko baada ya kusimamishwa nao njiani.

Sasa nije kwenye oili, kwa kuwa hapa ndipo injini nyingi za visiwani zinapofia. Msumeno wa moto hutumia petroli iliyochanganywa na oili, kama zilivyo mashine nyingi za boti za wavuvi, na kwa sababu hiyo oili inayopatikana kwa urahisi katika kila bandari yetu ni ile ya mashine za boti. Muuzaji mmoja aliniambia, "Yakhe, oili ya kuchanganya ni moja tu, wavuvi wote wanachukua hii." Nikamjibu kwamba mashine ya mvuvi ina bahari nzima ya kuipoza, na yangu iko juu ya mfenesi. Hakuwa mwongo, alikuwa akisema alichokizoea. Oili iliyoandikwa TC-W3 hutengenezwa kwa injini zinazopozwa kwa maji, ambazo joto lake halipandi sana. Injini ya msumeno hupozwa kwa upepo tu, huzunguka kwa kasi kubwa zaidi, na joto lake huishinda oili hiyo, ikaacha masizi kwenye ringi na kuruhusu chuma kusuguana na chuma. Tafuta chupa yenye alama ya JASO FD, ambayo ni daraja la oili ya kuchanganya inayofaa injini zinazopozwa kwa upepo, au oili ya kampuni iliyotengeneza mashine yako. Kipimo cha oili nzuri huwa ni moja kwa hamsini, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli, na kipimo hicho hupimwa kwa chupa yenye mistari, kamwe si kwa kifuniko cha soda. Changanya kinachotosha kazi ya wiki mbili tatu tu. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi kwenye dumu, katika joto letu hili, huacha utando wa gundi ndani ya kabureta, na kifaa kinachochakaa kwa sababu hiyo ni kile kingozi chembamba ambacho hakiuzwi Wete.

Oili ya mnyororo ni habari nyingine. Karibu kila mtu humimina oili chafu iliyotolewa kwenye gari au pikipiki, kwa hoja kwamba itamwagika tu. Ni kweli itamwagika, lakini kwanza itapita kwenye pampu ndogo na kwenye mfereji wa ubapa ikiwa imebeba vumbi la chuma, kisha itarushwa kwenye nguo zako, kwenye mikono yako na kwenye ardhi ya shamba la watu ambalo huenda lina kisima.

Kunoa ndiko kunakomtofautisha mwenye mashine na mwenye kazi. Mnyororo mkali hutoa vipande vya mti vilivyo vinene kiasi cha kuokoteka kwa vidole. Ukianza kutoa unga, umeshakuwa butu, na kuukandamiza hakutausaidia. Tupa ya duara lazima ilingane na mnyororo: milimita 4 kwa mnyororo mwembamba wa 3/8 unaofungwa kwenye mashine ndogo, milimita 4.8 kwa ule wa 0.325, na milimita 5.2 kwa ule wa 3/8 wa mashine kubwa. Bana ubapa kwenye jiriwa au kwenye ufa wa kisiki, shika tupa kwa mshazari wa nyuzi 30, isukume kuelekea mbele tu, mara mbili au tatu kwa kila jino, na kila jino lipate idadi ile ile, kwa kuwa jino refu upande mmoja huufanya msumeno ukate kwa kupinda. Baada ya kunoa mara kadhaa, kile kinundu kilicho mbele ya kila jino nacho hushushwa kidogo kwa tupa bapa, kikabaki chini ya ncha ya jino kwa takriban milimita 0.65. Wapo wanaokishusha sana ili mashine "ile" mti zaidi. Italeta mtikisiko na kukurukia, hilo tu.

Miti yetu haili meno ya mnyororo kwa kiasi kimoja. Mnazi mkongwe ni mgumu mno sehemu ya nje, na nyuzi zake hulifanya jino kuwa butu upesi, hivyo siendi kuangusha minazi nikiwa na mnyororo mmoja. Mivinje ya pwani hubeba mchanga ndani ya magamba yake, na mchanga huharibu makali kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana huyabandua magamba kwa panga pale ninapotaka kukatia. Mfenesi na mshelisheli hutoa utomvu unaoganda kwenye mfereji wa ubapa na kuziba tundu la oili, na dawa yake ni brashi na mafuta ya taa jioni ile ile, kabla haujakauka. Ukimaliza, geuza ubapa juu chini ili ulike sawasawa, na ulegeze mnyororo, kwa kuwa chuma kikipoa hujivuta.

Kamba nimeiweka huku chini katika maandishi ingawa kwenye bajeti huwa naiweka ya mwanzo. Wakwezi wetu hupanda mnazi kwa kitanzi cha kamba miguuni na kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina, na kwa kazi ya kuangua nazi ustadi wao hauna mfano. Mwenye msumeno unaozunguka mkononi yumo katika hatari nyingine. Kamba za manila za rangi ya buluu au kijani zinazouzwa kwenye maduka ya wavuvi ni nzuri kwa kuvutia na kuteremshia matawi mepesi, lakini jua huzidhoofisha, na zikisuguana kwa kasi huyeyuka. Mwili wa mtu usitegemee kamba hiyo. Nunua kamba yenye alama ya EN 1891 aina ya A, kiwango cha Ulaya cha kamba za kubebea watu, ambayo hutakiwa kuhimili nguvu ya kilonewtoni 22, yaani zaidi ya tani mbili, pamoja na mkanda wa kukalia uliotengenezwa kwa kazi ya miti na karabina, yaani pete za chuma za kuunganishia kamba, ambazo mlango wake hujifunga wenyewe. Wakati wa kukata, uwe umefungwa mahali pawili. Kamba ya mtu usiyemjua usiinunue hata kwa bei ya bure, maana historia yake haisomeki. Yako mwenyewe ipitishe mkononi shibiri kwa shibiri kila asubuhi, ukitafuta penye ulaini, penye kung'aa kwa joto au penye nyuzi zilizokatika. Ukipaona mahali kama hapo, ikate kamba vipande vifupi ili asije mtoto wa jirani akaifanyia kazi.

Vivyo hivyo kwa kapi. Kapi la mbao la jahazi ni kifaa madhubuti, lakini limetengenezwa kwa kuvuta tanga, si kwa kudaka tawi linaloanguka, ambalo mshtuko wake hupita uzito wake mara kadhaa.

Kuhusu nguo, suruali ya kinga yenye nyuzi zinazousimamisha mnyororo ni ya moto katika hali ya hewa yetu, na ndiyo sababu watu huiacha nyumbani. Mimi huanza kazi baada ya sala ya alfajiri na kuteremka kabla jua halijawa kali, nikiwa nimeivaa. Usiifue kwa dawa ya kuondoa madoa, kwa kuwa huziharibu nyuzi zake.

Masika yakiingia, kazi hupungua na unyevu wa chumvi huanza kazi yake. Mwaga petroli, washa mashine mpaka ijizime, tumbukiza minyororo ndani ya oili safi, suuza karabina kwa maji ya kisima na uzikaushe kabla ya kuzitia oili kwenye bawaba. Kamba ikae chumba kingine, mbali na petroli na mbali zaidi na betri za gari, kwa kuwa asidi huila nailoni bila ya kuacha alama. Minyororo ya msimu wa kusi iagizwe katika kipindi hicho hicho, huku ukimtajia muuzaji zile namba tatu na kumtaka azisome tena kabla hajapakia mzigo.