Nilikwenda Lewiston Kutafuta Picha ya Kinyozi

Kibanda cha kinyozi wetu kule Ngamiani, Tanga, kilikuwa na picha moja tu ukutani: Muhammad Ali amesimama juu ya bondia mwenzake Sonny Liston, mkono wa kulia kaukunja kifuani, mdomo wazi, anamfokea mtu aliyelala chali. Tumenyolewa mbele ya picha hiyo tangu tukiwa wadogo. Ilikuwa nyeusi na nyeupe, nami niliamini jua la Tanga ndilo lililokula rangi zake. Mzee mwenyewe aliapa kuwa alimwona Ali kwa macho yake Dar es Salaam mwaka 1980, alipotumwa na Rais Carter kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow na Nyerere akakataa kuonana naye. Hatukumwamini, lakini hakuna anayebishana na mtu aliyeshika wembe.

Oktoba nilipomtembelea dada yangu Portland, jimbo la Maine, nikagundua Lewiston, mji ilikopigwa picha ile, iko karibu, mwendo usiofika saa moja kwa gari. Shemeji yangu, mtu wa Bukavu, alinishangaa. "Shemeki, kule kuko nini? Ni baridi tu." Lakini alitoa gari.

Baridi ilikuwepo kweli. Tulivuka mto Androscoggin, tukapita viwanda vya nguo vya zamani, majengo makubwa ya matofali mekundu, hadi mtaa wa nyumba za mbao. Ukumbi wenyewe ukiupita kwa kasi utadhani ni ghala. Mwaka 1965 uliitwa St. Dominic's Arena; siku hizi ni Colisée. Pambano la Ali na Liston la ubingwa wa dunia wa uzito wa juu lilipaswa kufanyika Boston Novemba 1964, Ali akapata henia, likaahirishwa, kisha Boston ikajitoa. Ndipo likaangukia mji huu wa wafumaji nguo, Mei 25, 1965. Watazamaji 2,434. Huko kwetu mechi ya mchangani hujaza zaidi ya hapo.

Ndani kulikuwa na barafu. Vijana wa mpira wa magongo walikuwa wanafanya mazoezi, na mlinzi alituruhusu tusimame pembeni. Nikajaribu kuukisia ulingo ulipokaa, na upande aliokaa Neil Leifer, aliyeipiga picha ile.

Leifer alikuwa na miaka 22. Utotoni, mtoto wa familia maskini ya New York, aliingia uwanjani bure kwa kusukuma viti vya magurudumu vya wanajeshi walemavu. Usiku ule alikuwa na kamera ya Rolleiflex yenye mkanda wa rangi, na flashi zilizofungwa juu ya ulingo. Flashi za namna hiyo zikishawaka zinahitaji muda kujaa umeme tena, kwa hiyo hakuwa na nafasi ya kupiga picha mfululizo na kuchagua baadaye. Kabla dakika mbili hazijatimia Liston alikuwa chini, kwa ngumi ambayo wengi ukumbini hawakuiona na ambayo mpaka leo inaitwa ngumi ya mzimu. Badala ya kwenda kwenye kona isiyo ya bondia yeyote, Ali alimsimamia kichwani akimtaka ainuke. Leifer akabonyeza.

Itazame vizuri picha hiyo. Katikati ya miguu ya Ali anaonekana mpiga picha mwenye kipara. Huyo ni Herbert Scharfman, wa jarida lilelile la Sports Illustrated, mzoefu kuliko Leifer. Amekaa upande wa pili, na kilichomgeukia ni mgongo wa Ali. Namwonea huruma kuliko Liston. Na jarida lenyewe halikuitambua dhahabu yake: ukurasa wa mbele walitumia picha nyingine.

Jambo lililonikera nililigundua kwenye basi lililonileta Portland kutoka Boston. Palikuwa na mtu mwingine upande wa Leifer, John Rooney wa shirika la habari la AP, aliyepiga karibu tukio hilohilo kwa nyeusi na nyeupe. Kumbe huenda jua la Tanga nimelisingizia miaka yote.

Tulipotoka shemeji alikuwa anatetemeka. Tukaingia duka la Wasomali, walioanza kuhamia mji huu kwa wingi mwaka 2001. Tulikuwa tukinong'onezana bei ya chai mama wa dukani alipodakia: "Nyinyi watu wa wapi?" Kiswahili alijifunza kambini Dadaab. Nilipomweleza kilichotuleta akacheka, akatuongezea sambusa mbili. Alikuwa akipita mbele ya ukumbi ule kila siku, alisema, akijua ni mahali pa watoto kuteleza.

Picha niliyopiga nikamtumia mtoto wa kinyozi, ambaye sasa ndiye mwenye kibanda. Jibu lilikuja usiku wa manane wa huku:

"Kaka, mbona barafu tupu? Ali yuko wapi?"