Siku moja maishani mwangu: nazungusha wageni Madrid, leo ni mchoraji Goya mwanzo mwisho

Saa 1 asubuhi. Chai ya rangi, mkate, whatsapp. Leo nina familia ya Mombasa, mama mtu mzima na vijana wake wawili, na wanataka Kiswahili tupu. Kazi kama hii huku ni nadra jamani, nimeamka na mzuka.

Saa 4. Makumbusho ya Prado wanafungua. Simu mfukoni maana humu kupiga picha marufuku na walinzi hawana utani. Nawapeleka moja kwa moja kwa familia ya mfalme Carlos wa Nne, Goya kaichora 1800, mwaka mmoja tu baada ya kupewa cheo cha mchoraji mkuu wa mfalme. Wamepigilia wote, nishani, mikanda ya hariri. Mama ananivuta mkono: "Mwanangu, huyu mwanamke mbona kageuza uso?" Inasemekana Fernando, mrithi, yule wa koti la bluu, alikuwa bado hajapatiwa mchumba, basi bi harusi akachorwa mwili tu, sura itajulikana mbele ya safari. Mama kacheka mpaka mlinzi akatukazia macho.

Saa 8 mchana, huku ndo muda wa kula. Tumekula.

Saa 11 jioni. Metro mpaka kituo cha Tribunal, makumbusho ya historia ya jiji, kuingia bure. Hapa ndo penye utamu wenyewe. 1810 Madrid iko mikononi mwa Joseph Bonaparte, kaka yake Napoleon, baraza la jiji likataka picha yake, Goya akachora mwanamke mwenye taji ndo Madrid yenyewe, mbwa miguuni alama ya uaminifu (uaminifu kwa nani sasa!), mkono unaonyesha duara lililobebwa na malaika, na ndani ya duara sura ya Joseph. 1812 Joseph kakimbia, sura ikafunikwa, likaandikwa neno Katiba. Karudi, sura ikarudi. 1813 kaondoka jumla, Katiba tena. 1814 Fernando kakalia kiti na katiba haitaki, akapakwa yeye. Mimi mtu wa Tanga nimeshaona maduka yakibadilisha picha ya rais 2021 fremu ikabaki ileile, ila hii ya kupaka juu kwa juu ni kiboko.

"Kigeugeu huyu Goya," mama kasema. Kijana wake akabisha, kwamba mtu ana familia, ale wapi? Mimi niko na kijana. Goya alipokea nishani ya Joseph, Fernando aliporudi akachunguzwa, akasafishwa, kazi ikaendelea. Lakini hebu mtazame Fernando wa vazi jekundu kule Prado, ule uso! Kwa macho yangu pale mchoraji kalipiza.

Leo duara limeandikwa Dos de Mayo, yaani 2 Mei, siku watu wa Madrid walipoinukia jeshi la Napoleon 1808. Maandishi hayo ni ya 1872, Goya kafa 1828, tena kafia Bordeaux, Ufaransa kwa walewale.

Saa 3 usiku, niko home miguu inawaka moto. Kesho kundi la Bernabéu, uwanja wa Real Madrid, hao ukiwatajia mchoraji wanakurudishia tiketi.