Siku moja na diski ya kufufulia kompyuta, Kariakoo

Saa 12 asubuhi. Mwendokasi wa Kimara kwenda Gerezani umeshona. Nimesimama, begi nimelikumbatia kifuani. Hapa mjini ukiliweka mgongoni ujue umeshaligawa.

Saa 2. Nafungua ofisi. Ni chumba cha ghorofani Kariakoo, tunabanana humo mafundi kadhaa. Chai ya rangi, chapati kutoka kwa mama ntilie wa chini, halafu viporo vya jana: laptop iliyonyweshwa soda, printa inayotafuna karatasi.

Saa 3 na nusu. Anaingia mama mmoja mwenye duka la dawa, nyuma yake kijana kabeba CPU begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi. Hii kompyuta imenichosha."

Mtaani kwao umeme unakatika na kurudi ghafla, na mara ya mwisho kompyuta iligoma kabisa kuwaka. Ikapona, lakini sasa anataka awe na CD yake ya kuifufulia. Kijana wake kajaribu kuichoma, imekataa.

"Na hesabu zangu za dawa zitakuwa humo humo?"

Hapo inabidi niweke kazi chini. Swali hili naulizwa na karibu kila mtu. Diski ya ukarabati haibebi faili lako hata moja. Inabeba vifaa vya kuitibu Windows isiyowaka: kurekebisha uwakaji, kuirudisha kompyuta kwenye hali ya siku za nyuma, na kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri. Hesabu za dawa zinahifadhiwa kwingine. Mama ananitazama kama nimempunja.

Kwa nini tusitumie flashi? Matundu ya flashi aliyafungisha mwenyewe kwa sababu ya virusi, na simlaumu. DVD-R, yaani DVD ya kuchomwa mara moja tu, ikishachomwa na kufungwa, kirusi hakina pa kujiandika.

Saa 4. Naandika recdisc, programu ya Windows ya kutengenezea diski ya ukarabati, kwenye sehemu ya kutafutia, dirisha linafunguka, nabonyeza kitufe cha kutengeneza. Badala ya kuchoma, linaniomba niweke CD ya kupigia Windows. Kijana anasema kwao ilikuwa hivyo hivyo, akaenda kununua CD tupu nyingine. Wengi hufanya hivyo, na ni pesa ya bure: kinachotafutwa hapo ni faili liitwalo winre.wim, lenye hivyo vifaa vya ukarabati, ambalo Windows imelikosa ndani ya kompyuta.

Nafungua kidirisha cheusi kwa ruhusa ya msimamizi, naandika reagentc /info, amri ya kuuliza hali ya vifaa vya ukarabati. Jibu: Disabled, yaani vimezimwa. Namuuliza mama kama kuna fundi aliwahi kubadilisha diski ya ndani. Ndiyo, aliwekewa SSD, ile diski ya kisasa yenye kasi, ili iwe nyepesi. Basi kumekucha. Windows 10 huliweka faili hilo kwenye kipande kidogo cha diski ambacho mtumiaji hakioni. Aliyehamisha Windows kwenda SSD alibeba kipande kikubwa, hicho kidogo akakiacha. Kompyuta inawaka vizuri tu, kwa hiyo hakuna anayejua kimekosekana mpaka siku ya shida.

Saa 5. Ninalo faili la ISO, yaani nakala nzima ya CD ya kupigia, la Windows 10, biti 64, toleo lilelile la mashine yake. Ndani yake kuna install.wim, faili lililofungasha Windows yenyewe, nalifungua kwa 7-Zip, programu ya kufungulia mafaili yaliyofungashwa, naingia Windows, System32, Recovery, nachomoa winre.wim na kuliweka kwenye folda ya jina hilo hilo ndani ya mashine ya mama. Kisha reagentc /enable, amri ya kuviwasha. Imekubali. Narudia /info: Enabled, vimewashwa.

Saa 7 kasoro. Umeme unakatika. Jengo zima linaguna kwa pamoja. Tunashuka kula wali maharage na mchicha.

Saa 8 na robo. Umeme umerudi. Recdisc sasa haiombi kitu, inaanza kuchoma. Ule mstari wa kijani unatembea, unafika katikati, unasimama. 0x8007045D. Namba hiyo maana yake mashine na kifaa wameshindwa kupeana data, kwa hiyo naiacha Windows, nahamia kwenye vyuma. Nafungua CPU: vumbi la miaka. Nalipuliza, nabadilisha waya wa SATA, ule wa kupitishia data ya kichomeo, uliokuwa umelegea, nafuta lenzi taratibu kwa pamba yenye spiriti. Hii programu haikupi nafasi ya kuchagua kasi ya kuchoma, kwa hiyo kama diski tupu ni ya ovyo, dawa ni kuibadilisha tu. Namtuma kijana akanunue DVD-R nzuri. Anachelewa, siku hizi maduka yamejaa flashi, DVD tupu unaizungukia.

Saa 10. Mstari umefika mwisho. Mama anafungua pochi alipe. Namwambia asubiri kidogo. Nazima, nawasha huku nikibonyeza F9, ambayo kwenye mashine hii ndiyo inayofungua orodha ya kuchagua pa kuwakia, nachagua DVD. Inaniambia nibonyeze kitufe chochote, na inatoa sekunde chache tu. Nimeshaona wateja wakichelewa hapo na kudhani diski ni mbovu. Nabonyeza. Linakuja swali la kibodi, kisha menyu ya kutatua matatizo. Naingia mpaka kwenye ukarabati wa uwakaji, nauona, natoka.

Saa 11. Naandika juu ya DVD kwa kalamu: diski ya ukarabati, Windows 10, biti 64. Ya biti 64 haitibu mashine ya biti 32, na dukani kwake zipo za aina zote mbili. Namkumbusha pia kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tangu Oktoba 14, 2025. Anasema programu yake ya dawa haijali hayo.

"Na zile hesabu?"

Nampa bei ya diski ya nje, ya kuwekea nakala ya hesabu, na UPS, betri ya kuishikilia kompyuta umeme ukikatika. Anaguna, anaomba nipunguze. Tumekubaliana Jumamosi nikafanye kazi hiyo dukani kwake.