Kumbukumbu ya mradi wa sushi: sufuria ya nne

Sufuria tatu za kwanza ziliharibikia kwenye wali. Samaki hana kosa. Sushi, chakula cha Kijapani cha wali wa siki na samaki, ilikuwa habari ya wali uliochacha kabla ya kuwa habari ya samaki mbichi. Kando ya ziwa Biwa, mkoani Shiga, Japani, funazushi, sushi ya kale, hutengenezwa mpaka leo: samaki hukaa kwenye chumvi kwa miezi, kisha hupangwa pipani kati ya tabaka za wali, jiwe zito juu. Wali ukichacha hutoa asidi inayomzuia samaki asioze. Mwishoni wali hutupwa, huliwa samaki. Siki ilifupisha miezi ikawa dakika, na karne ya 19 mjini Edo, Tokyo ya leo, Hanaya Yohei akasifika kwa sushi ya tonge, yaani tonge la wali lenye samaki juu, kubwa kuliko za sasa.

Sufuria ya nne: mchele wa Kijapani wa punje fupi, gramu 450. (Basmati hapana. Kuchambuka kunakosifiwa kwenye pilau, huku ni kasoro.) Uoshwe mpaka maji yakaribie kuwa maangavu, ulowekwe dakika 30, uchujwe, upikwe kwa mililita 450 za maji. Ukishaiva, dakika 10 bila kufunua.

Siki ya mchele mililita 80, sukari gramu 30, chumvi gramu 9: vipashwe viyeyuke tu, visichemke.

Sufuria ya kwanza ilitiwa siki wali ukiwa umepoa, ikatuama chini badala ya kunywewa. Ya pili ilikorogwa ikawa bokoboko. Safari hii wali ulimiminwa ukifuka mvuke kwenye beseni la mti lililoloweshwa na kufutwa, ukakatwa kwa ubapa wa mwiko ulioinamishwa, na kupepea kukaanza siki iliposhanywewa. Punje zilitoka ziking'aa. Ya tatu iliharibiwa na friji: wali ukawa mgumu kama chaki. Ufunikwe kitambaa kibichi, utumike ungali na uvuguvugu wa mwili.

Tonge ni gramu 15 hadi 20. Mikono ilowe maji ya siki, lakini kidogo; ikirowana, tonge linasambaratika. Lifinywe kwa vidole, ndani ibaki hewa: linyanyuke bila kumeguka, liachie mdomoni.

Anayefuata ni samaki wa jamii ya vibua, aitwaye “saba” kwa Kijapani: chumvi saa moja na nusu, siki dakika 20. Viwili hivyo haviui minyoo ya anisakisi, kwa hiyo kwanza agandishwe nyuzi -20 hadi kiini, saa 24 au zaidi. Friza ya nyumbani yenye -18 haitoshi kwa muda huo.