Siku moja maishani mwangu: teksi, Louisville, na mpiga gitaa aliyepasuka mshipa

Saa kumi alfajiri

Mama watoto ndiyo kwanza anarudi kutoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, mimi ndiyo natoka. Tunapishana mlangoni kama makonda wanaobadilishana basi. Anauliza, "Dawa umemeza?" Namjibu nimemeza. Sijameza. Zimeisha tangu Julai, na karatasi ya miadi ya daktari ipo kwenye droo ya vijiko.

Mimi mtu wa Tanga. Nina miaka sita hapa Louisville, Kentucky, naendesha teksi ya kuitwa kwa simu. Leo ni Ijumaa, tarehe 8 Oktoba 2021. Siku zangu nyingi hazina cha kuandikwa, lakini wiki hii abiria wamenijaza masikio kwa habari moja, nikaona niiandike kabla sijaisahau.

Saa kumi na moja kasoro

Abiria wa kwanza ni Mkongomani anayechambua vifurushi usiku pale UPS, uwanja wa ndege. Ameketi kiti cha mbele, amevua kiatu kimoja, anajikanda kisigino.

"Yaya, ule muzungu wa gitare anaendelea namna gani?"

Hata yeye! Muziki anaousikiliza ni rumba na kwaya, ila tamasha la muziki wa rock la Louder Than Life hufanyika viwanja vya Kentucky Expo Center, ambavyo vimepakana na uwanja wa ndege. Siku nne zile za mwisho wa Septemba alikuwa akiingia kazini huku ngoma zinamgonga kifuani.

Nikamweleza ninachokijua. Jamaa ni Richie Faulkner, Mwingereza, mpiga gitaa wa bendi ya hevi metali ya Judas Priest. Bendi yenyewe ni ya Birmingham, ya tangu 1969, na yeye ndiye kijana wao: ana miaka 41, aliingia mwaka 2011. Jumapili ya tarehe 26 alikuwa jukwaani, katikati ya wimbo wa "Painkiller", mshipa mkuu unaotoka moyoni, aota, ukapasuka na damu ikaanza kumwagikia ndani ya kifua. Akaendelea kupiga. Wimbo jina lake maana yake dawa ya maumivu, na si wimbo wa kubembelezea mtoto. Vidole vinakimbia kama vya fundi cherehani siku ya mkesha wa Idi.

"Akamaliza?"

"Akamaliza."

Mkongomani akavaa kiatu chake taratibu. Hakuongea tena mpaka nilipomshusha.

Saa moja na nusu asubuhi

Mwanamke wa makamo, mfanyakazi wa benki. Koti la ofisini, na ndani yake fulana nyeusi yenye jina la bendi. Aliniona nimeiona kwenye kioo, akafunga kifungo, kisha akakifungua tena.

Alikuwepo. Alisimama karibu na mbele kabisa, anasema, tangu saa nane mchana, bila hata kwenda chooni. Usiku ule alirudi nyumbani na furaha zake, maana bendi ya Metallica ndiyo ilifunga tamasha. Siku kadhaa baadaye ndipo bendi ikatangaza kwamba ziara ya Marekani inaahirishwa kwa sababu ya moyo wa Richie. Halafu wiki hii mwenyewe akatoa taarifa, akasema akitazama picha za video za siku ile anauona usoni mwake mkanganyiko na mateso aliyokuwa nayo.

"Na mimi nimeitazama," akasema mama yule. "Sijui mara ngapi. Nilikuwa pale, uso wake niliuona kwa macho yangu. Nikadhani ni mori wa muziki. Nikampigia kelele aongeze."

Sikuwa na la kumjibu. Nikapunguza redio, ambayo hata hivyo ilikuwa chini.

Aliposhuka ndipo mawazo yakanirudisha Tanga, barazani kwetu. Baba alikuwa akicheza bao na mzee jirani, mkono mmoja kifuani, anausugua. Tukamuuliza, akasema, "Gesi tu hiyo, nimekula maharage." Jasho linamtiririka na upepo wa bahari unavuma. Akacheza mkono wake wa mwisho, akala kete zote za upande ule, akashinda. Tukampigia makofi, mimi nikiwa wa kwanza. Haikufika Isha.

Saa nne

Kutoka viwanja vile vya tamasha hadi Jewish Hospital, katikati ya mji, alikokimbizwa Faulkner, ni kama maili 4. Ni barabara kuu namba 65 moja kwa moja, dakika kumi kama hakuna foleni. Naifahamu njia hiyo kama kiganja changu, na leo nimeipita mara tatu. Faulkner mwenyewe anasema daktari wake alimwambia wengi wenye tatizo hilo hawafiki hospitali wakiwa hai. Yeye alifika, akapasuliwa kwa zaidi ya saa kumi, na sehemu tano kifuani zikabadilishwa kwa vifaa. Ametania kwamba sasa ni mtu wa chuma kwelikweli. Mashabiki wa hevi metali, jina ambalo lenyewe maana yake ni chuma kizito, wameudaka utani huo kama mpira wa kona, kila kijana anayepanda gari ananiambia kama vile mimi ndiye wa kwanza kuusikia.

Bahati yake ilikuwa pia mahali. Hospitali hiyo ndiyo iliyomwekea mtu wa kwanza moyo kamili wa bandia aina ya AbioCor mwaka 2001, na miaka miwili kabla ya hapo, 1999, walimwunganishia mtu mkono wa marehemu. Kama ni lazima mshipa ukupasukie ugenini, na wewe riziki yako iko kwenye vidole, basi ukupasukie mji huu.

Abiria wa saa nne nilimchukua kliniki: mzee mwembamba, mto mdogo mwekundu kifuani. Naye alipasuliwa moyo, wiki ya tano sasa. Kila gari lilipopita juu ya kiraka cha lami aliukumbatia mto kwa mikono miwili. Alipokohoa aliukandamiza zaidi, akafumba macho, akasubiri. "Bila mto," akasema, "unahisi mfupa unataka kufunguka kama kabati." Rock haipendi, anasema ni makelele, yeye ni mtu wa banjo. Lakini aliniuliza kijana alipasuliwa kwa saa ngapi. Nilipomwambia kumi na zaidi akatikisa kichwa. "Mimi nne. Nne tu, na niangalie."

Niliendesha kama nimebeba trei ya mayai.

Saa saba mchana

Baada ya swala ya Ijumaa, wali na maharage kwenye duka la Mwafrika mwenzetu. Meza yetu ina Watanzania wawili, Mkenya mmoja wa Lamu, na Mkongomani anayelipa mara chache. Mkenya akaanza: hawa Wazungu wanamlilia mtu asiyewajua, wanamtumia maua, wanamwombea dua, na jirani yao akiugua hawagongi mlango.

Nikambishia. Sisi tulikuwaje kwa Banza Stone? Mwimbaji wa dansi mwenye sauti ile, alipougua watu walimzushia kifo mara kadhaa kabla hajafariki kweli Julai 2015. Simu zinapigwa, "Umesikia? Banza hatunaye," kumbe mgonjwa yuko kitandani kwake anasikia msiba wake mwenyewe. Hao wa Judas Priest angalau wamesubiri taarifa ya familia.

"Hapo umenikamata, kaka," akasema Mkenya, akaongeza pilipili.

Saa tisa alasiri

Niliingia duka kubwa kununua maji ya kioo cha gari. Karibu na dirisha la dawa pana kiti chenye mashine ya kupimia presha, bure, unaingiza mkono wenyewe unabanwa. Nimekipita kiti kile labda mara mia mbili. Leo kilikuwa kimekaliwa na kijana mwenye nywele ndefu, fulana nyeusi, mafuvu ya kichwa mpaka mgongoni. Faulkner aliomba watu wakapimwe, maana yeye mwenyewe hakuwa na habari kama moyo wake una shida. Na huyu hapa, kamsikia.

Mashine ikamwachia. Akasoma, akainuka, akanipisha: "Zamu yako, bosi."

Ningesema sikuja kwa hilo. Nikakaa.

168 kwa 104.

Nikapima tena, maana mashine za bure hizi nani anaziamini. 171 kwa 103.

Saa kumi na mbili jioni

Vijana wawili kwenda mtaa wa Bardstown. Mmoja ana tiketi ya onyesho lililoahirishwa na hataki kurudishiwa pesa. Anasema akirudisha itakuwa kama amekata tamaa. Mwenzake anasema huo ni ushirikina. Wakabishana njia nzima, nikafurahi, maana sikutakiwa kusema kitu. Tulipopita viwanja vya tamasha wote wakageuka dirishani. Hakuna chochote pale, nyasi zilizokanyagwa tu na uzio ambao haujaondolewa.

Saa tatu usiku

Mama watoto ameamka, anajiandaa kwa zamu. Nikamwambia ukweli: dawa zimeisha Julai, na namba za mashine ni hizi. Hakugomba. Angegomba ningejua pa kujishika. Akaenda kwenye droo ya vijiko, akaitoa karatasi, akaisoma, akakaa kwenye sofa.

"Huyo mpiga gitaa wako," akasema, "niwekee nimsikie."

Nikaweka. Akavumilia dakika moja na kidogo. "Na hapo ndipo alikuwa anavuja damu?"

"Hapo."

Simu yangu ikalia: abiria, uwanja wa ndege, nauli nzuri ya Ijumaa usiku. Akainyakua kabla sijaifikia, akaizima, akaitia mfukoni mwa sare yake ya kazi, akavaa viatu.

"Utaichukua kesho asubuhi. Ukimaliza kula."