Siku moja maishani mwangu: fanksheni iliyofutwa kwa sababu "haiitwi popote"

Saa 11:30 alfajiri. Hapa Umoja, Nairobi, bado kuna giza, ila makanga wanaita "tao, tao" kama mchana. Napanda, nashuka mjini, naunganisha ya Kilimani.

Saa 2 asubuhi. Chai haijapoa, mteja ashapiga simu: wazazi waliolipa karo jana usiku hawajapata risiti. Pesa imeingia, rekodi ipo. Seva inalalamika kwamba fanksheni (kipande cha msimbo chenye jina, ambacho msimbo mwingine hukiita kifanye kazi) ya `tuma_risiti_simu` haipo.

Saa 3. Kijana wetu wa mafunzo anasogeza kiti. "Dada, hiyo niliifuta mimi jana. Niliitafuta kwenye faili zote, haiitwi popote."

Amesema kweli, na sikumlaumu. Mfumo wetu umeandikwa kwa PHP, lugha ya programu, na mstari unaoiita fanksheni hiyo ulikuwa huu:

`$f = 'tuma_risiti_' . $njia; $f($malipo);`

PHP ikikuta mabano baada ya kigeu (jina linaloanza na `$`, linaloshikilia thamani), inasoma maandishi yaliyomo ndani ya kigeu hicho na kutafuta fanksheni yenye jina hilo. Jina kamili halijaandikwa mahali. Linazaliwa malipo yanapoingia, `$njia` ikiwa "simu" au "benki". Utalitafutaje? Tukairudisha fanksheni, tukatuma risiti zote upya.

Saa 5. Nikaanza kupekua, na hapa ndipo moyo ulipopiga. Faili la ripoti lilichukua jina la fanksheni moja kwa moja kutoka kwenye ombi la mtumiaji, bila hata kiambishi mbele kama `tuma_risiti_`. Kinga pekee ilikuwa `function_exists`, inayouliza tu kama fanksheni ya jina hilo ipo. Lakini `system`, inayoendesha amri za seva, ni fanksheni ya PHP yenyewe. Ipo, kwa hiyo inapita! Kuipiga marufuku kwa jina hakutoshi: PHP haitofautishi herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya fanksheni, kwa hiyo `SyStEm` ni ileile. Kinachofaa ni kuorodhesha zinazoruhusiwa, basi.

Saa 7 mchana. Chapati madondo kibandani, haraka.

Saa 8. Nikampa kijana kibodi aandike jedwali la kila njia na fanksheni yake:

`'simu' => tuma_risiti_simu(...)`

Nukta hizo tatu zilikuja na PHP 8.1, mwaka 2021. Zinakupa fanksheni yenyewe badala ya maandishi ya jina lake. Akachangamka: "Kumbe kama kamusi ya Python, unaweka fanksheni bila alama za nukuu!" Ndiyo hivyo; kamusi kwa Python, lugha nyingine ya programu, ni jedwali la aina hii. Njia isiyo kwenye jedwali inakataliwa, na ukitafuta jina, unalipata. La ripoti tukalifanyia vivyo hivyo.

Saa 11 jioni. Kabla hatujafunga, akaomba ajaribu kitu. Kwenye nakala ya majaribio akaifuta tena `tuma_risiti_simu`, kisha akalipa kwa njia ya benki. Hitilafu ikatokea papo hapo, jedwali linapojengwa, ingawa malipo hayakuwa ya simu. Akaitazama kwa muda, akairudisha fanksheni, akahifadhi. Nikachukua mkoba wangu.